Kujivua gamba

Juzi nilikuwa Magamba, juu ya Lushoto, nikimsaidia shangazi kupunguza vitu chumbani. Uvunguni tulikuta redio isiyo na kifuniko cha betri, jiko la mafuta ya taa lililoota kutu, na sweta tatu za sekondari za wanawe, ambao sasa nao wana watoto. "Shangazi, jivue gamba," nikamwambia. Akacheka: "Kwani mimi CCM?"

Msemo huo ulivuma mwaka 2011, Jakaya Kikwete, mwenyekiti wa CCM wakati huo, alipokitaka chama kijivue gamba, yaani kiachane na watuhumiwa wa ufisadi. Wapinzani wakaugeuza kuwa kejeli: wana-CCM wenyewe wakaitwa "magamba".

Lakini gamba ni la viumbe kabla ya kuwa la siasa. La samaki huparuliwa kwa kisu. La kobe halivuliki, hufa nalo. La nyoka ndilo tunalolikuta vichakani, jepesi kama karatasi ya sigara, na mwenyewe hakuliacha kwa kuchakaa tu, lilimbana. Ndiyo maana, kwangu, msemo unafaa zaidi nyumbani kuliko jukwaani. Sweta ya mtoto aliyekua ni gamba hasa. Jiko bovu ni chakavu tu. Na blanketi kuukuu, kwa baridi ya Juni kule milimani? Hiyo ni ngozi, usiiguse.

Sweta mbili zilitoka. Ya tatu shangazi anaivaa asubuhi akienda kukata majani ya ng'ombe.