Hukumu ya Kuritadi: Kutoka Vitabu vya Fiqhi hadi Mirathi ya Nyumbani

Wilaya ya Chemba, iliyomegwa kutoka Kondoa mwaka 2012, ni nchi ya Wasandawe, Warangi na Waburunge. Uislamu ulifika pande hizi kwa misafara ya biashara iliyopita Kondoa karne ya 19. Ukatoliki uliletwa na wamisionari, ukaota mizizi Farkwa na vijiji vya jirani. Katika nchi ambayo ukoo mmoja huweza kuwa na wa msikitini na wa kanisani, suala la murtadi, yaani Mwislamu aliyetoka katika dini, haliishii darasani.

Mafakihi wa Kishafi'i, madhehebu ya Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, waliandika kwamba murtadi atakiwe kutubu, na akikataa auawe. Tegemeo lao ni hadithi ya Ibn Abbas iliyomo katika Sahihi ya Bukhari. Hata hivyo wanazuoni wa kale hawakuwa na kauli moja. Wahanafi walimtoa mwanamke katika adhabu hiyo, wakasema afungwe mpaka atubu. Ibrahim al-Nakha'i na Sufyan al-Thawri wamepokewa wakisema aendelee kutakiwa toba bila kikomo.

Karne ya 20, Mahmud Shaltut, Sheikh wa Al-Azhar kuanzia 1958 hadi 1963, alieleza kuwa wanazuoni wengi hawaoni hadithi za ahadi (zilizopokewa na wachache) kuwa zatosha kuthibitisha hadi, yaani adhabu maalumu ya kisheria, na kwamba ukafiri peke yake hauhalalishi damu ya mtu. Wenzake katika rai hiyo hutaja aya ya 256 ya Suratul Baqara, inayokataza kulazimishana katika dini. Wanaowapinga hushika ijmaa ya waliotangulia.

Kwetu, suala hili lilijulikana zaidi kwenye mali kuliko kwenye upanga. Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, alitoroka mwaka 1866 kwa manowari ya Waingereza, akabatizwa Aden mwaka uliofuata na kuolewa na Mjerumani, Heinrich Ruete. Mwaka 1885 alirudi na manowari za Ujerumani kudai haki yake ya mirathi. Sayyid Barghash, nduguye, alikataa hata kumpokea. Kifiqhi, murtadi hamrithi Mwislamu.

Leo Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 19, inalinda uhuru wa kubadili dini. Nayo Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu mahakama kuzingatia badiliko hilo kama ushahidi kuwa ndoa imevunjika, ikiwa wanandoa walikuwa dini moja walipooana na dini hiyo inalihesabu kuwa sababu ya kuachana.

Kwa hiyo hoja ya kuua haina mahali hapa nchini. Zilizobaki ni nikaha, mirathi na maziko, na hapo ndipo familia hugombana. Masheikh wetu wa Chemba na Kondoa wafundishe wazi hiba anayoweza kutoa mzazi akiwa hai, mipaka ya wasia katika theluthi ya mali, na khitilafu za maimamu kuhusu murtadi. Kuwaeleza watu khitilafu hizo ni amana ya elimu, na kunazuia ndugu kufikishana mahakamani.