Kamati za Shule za Msingi Isiolo: Historia Fupi ya Ushirika wa Wazazi na Walimu

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeshavuka muongo mmoja, na pamoja nayo Chama cha Wazazi, chombo ambacho kila shule ya umma nchini Kenya inatakiwa kuwa nacho. Katika kaunti ya Isiolo umri huo unastahili kuadhimishwa kwa kutazama nyuma zaidi, kwa sababu ushirika wa mzazi na mwalimu haukuzaliwa na sheria hiyo. Ulianza na kamati za shule za miaka ya sitini, ukapitia enzi ya harambee, ukatikiswa na elimu ya bure, kisha ukapata jina jipya. Makala hii inafuata safari hiyo kwa hoja moja: shule ya msingi katika nchi ya wafugaji husimama pale familia inapopewa nafasi ya kuamua, na huyumba pale familia inapoitwa kuchanga na kutii tu. Majengo ni muhimu, walimu ni muhimu, na kufuta karo ni jambo la haki. Lakini historia ya Isiolo inaonyesha kwamba hayo yote yamewahi kuletwa na bado mtoto akabaki malishoni, kwa kuwa hakuna aliyekaa na wazazi wake kukubaliana nao.

Ili kuelewa kwa nini imani kati ya shule na boma ilichelewa kujengeka, tuanze na namna serikali yenyewe ilivyofika Isiolo. Mji huu ulikua kando ya kituo cha karantini ya mifugo, pamoja na makazi ya askari wa Kisomali waliostaafu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wakoloni waliifanya kaskazini kuwa eneo lililofungwa: watu hawakuingia wala kutoka bila kibali, na kazi kubwa ya serikali ilikuwa ulinzi, kodi na kudhibiti mifugo. Elimu iliwekwa nyuma kabisa. Uhuru nao ulikuja na jeraha. Mnamo Juni 1963 mkuu wa wilaya, Daudi Dabasso Wabera, ambaye jina lake limebaki katika wadi ya Wabera mjini Isiolo, aliuawa pamoja na chifu Haji Galma Dido. Vita vya Shifta vilivyofuata, uasi wa waliotaka kaskazini ijiunge na Somalia, vilidumu hadi mwaka 1967, na Waborana wa Waso, ukanda wa mto Ewaso Nyiro, wakakusanywa katika vijiji vya ulinzi kama Garba Tulla, Merti na Modogashe, huku mifugo yao ikiangamia kwa wingi. Kwa hiyo mzazi wa Isiolo aliyepelekewa habari za shule mwishoni mwa miaka ya sitini alizipokea kutoka kwa serikali ileile iliyokuwa imemfungia kijijini. Wengine waliona shule kama kimbilio baada ya kupoteza ng'ombe na ngamia. Wengine waliona ni mkono mwingine wa kuwachukua watoto wao.

Katika hali hiyo ilitoka Sheria ya Elimu ya 1968, iliyotambua kamati za shule, na miaka mitatu baadaye likatoka tangazo ambalo linapaswa kukumbukwa kuliko linavyokumbukwa. Mwaka 1971, kabla ya wilaya nyingine za Kenya kuonja elimu bila karo, Rais Jomo Kenyatta alifuta karo ya shule za msingi katika wilaya zenye mazingira magumu, na Isiolo ilikuwa miongoni mwao pamoja na Marsabit, Samburu, Turkana na nyinginezo. Serikali ikaanza pia kujenga shule za bweni za gharama nafuu ili mtoto wa mfugaji abaki masomoni wazazi wake wakihama. Kwa hesabu ya ofisini, tatizo lilikuwa limekwisha: karo hakuna, mahali pa kulala papo, chakula kipo. Lakini Profesa Daniel Sifuna, mwanahistoria wa elimu nchini Kenya, ameonyesha kwamba uandikishaji katika wilaya hizo ulibaki chini, mabweni mengi hayakujaa, na katika maeneo kadhaa nafasi zilichukuliwa na watoto wa jamii zisizo za wafugaji. Karo haikuwa kizuizi pekee. Familia ilikuwa na maswali yake: nani atachunga mbuzi, nani atamlinda binti bwenini, dini ya mtoto italindwaje, na kijana akimaliza darasa la saba bila kazi atarudi kwenye mifugo akiwa anajua nini? Maswali hayo yalihitaji kikao cha watu wanaoaminiana, na kikao hicho hakikuitishwa.

Kamati za shule zilikuwepo wakati huo, ila zilipewa kazi moja. Karo ya darasa la kwanza hadi la nne ilipofutwa nchi nzima mwaka 1974, idadi ya wanafunzi iliruka kutoka takribani milioni 1.8 hadi zaidi ya milioni 2.7 kwa mwaka mmoja, na shule zikakosa madarasa. Pengo likazibwa kwa michango ya ujenzi, ambayo mahali pengi ilizidi karo iliyofutwa. Mwaka 1988, kufuatia ripoti ya Tume ya Kamunge, sera ya kugawana gharama ikamtwika mzazi madawati, vitabu, ukarabati na mshahara wa mlinzi. Mwenyekiti wa kamati akawa mtu wa kupitisha kofia. Ni kweli kwamba madarasa mengi ya Kenya yalisimama kwa jasho la harambee, na kumbukumbu hiyo haifai kudharauliwa. Lakini katika wilaya ambayo ukame mmoja unaweza kumaliza mali yote ya familia, kamati inayokutana kwa ajili ya michango pekee humfukuza mzazi maskini kabla hajaketi. Asiye na cha kutoa hakuja mkutanoni, na asiyekuja hakuwa na neno.

Elimu ya msingi bila malipo ilirudi Januari 2003 chini ya Rais Mwai Kibaki, ikiwa na shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Fedha zilipelekwa katika akaunti mbili za kila shule, moja ya vifaa vya kufundishia na nyingine ya matumizi ya jumla, na kamati ikapewa wajibu wa kuidhinisha na kufuatilia matumizi. Kwa mara ya kwanza mzazi alikuwa na haki ya kuuliza vitabu vingapi vimenunuliwa, kwa bei gani. Hata hivyo neno "bure" lilieleweka na wengi kama tangazo kwamba serikali imeichukua shule, na mzazi sasa anaweza kupumzika. Kwa karibu miongo mitatu mzazi alikuwa ameitwa shuleni kwa ajili ya pesa. Pesa zilipoacha kudaiwa, mwaliko nao ukaisha. Shule zilizoendelea kuwa na wazazi ni zile zilizokuwa na jambo jingine la kufanya pamoja nao.

Jambo lililofanya kazi hiyo kwa muda mrefu zaidi katika nchi kame ni chakula cha mchana. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kulisha wanafunzi nchini mwaka 1980. Mwaka 2009 serikali ikaanzisha mpango wake wa kununua chakula kwa wakulima na wafanyabiashara wa ndani, na mwaka 2018 shirika hilo likaikabidhi serikali jukumu lote. Fungu la mtoto mmoja kwa siku ni gramu 150 za nafaka, gramu 40 za maharagwe au dengu, gramu 5 za mafuta na chumvi kidogo. Lakini gramu hizo hazijipiki. Kuni, maji, posho ya mpishi na ulinzi wa ghala huachiwa jamii. Familia huleta kuni kwa zamu, mitungi ya maji hutoka bombani au kisimani, na mwanakamati husimama mlangoni mwa ghala kuhesabu magunia pamoja na mwalimu na kuandika daftarini yaliyotoka na yaliyobaki. Mama ambaye hajawahi kushika kalamu anajua kwamba magunia ya jana na ya leo lazima yalingane, na akiuliza kwa nini hayalingani, mwalimu mkuu analazimika kujibu. Hapo ndipo ushirika unapoanza: mzazi ana kazi inayoonekana, ana habari, na ana haki ya kuhoji.

Sheria ya 2013 ilichukua mazoea kama hayo ikayapa nguvu. Bodi ya usimamizi ya shule ina wawakilishi sita waliochaguliwa na wazazi, pamoja na wa walimu, wa mfadhili, wa makundi maalumu na wa watu wenye ulemavu. Chama cha Wazazi kinamjumuisha kila mzazi mwenye mtoto shuleni, na kamati yake ya utendaji huchaguliwa kwa madarasa katika mkutano mkuu wa mwaka. Sheria hiyo pia iliunda baraza la kitaifa la elimu ya jamii za wafugaji wanaohamahama, baada ya sera ya mwaka 2009 kukiri jambo ambalo wazazi walikuwa wakilijua siku zote, kwamba shule inaweza kuifuata familia. Mwaka wa masomo huanza Januari, katikati ya kiangazi ambacho Waborana hukiita bona, wakati mifugo inasogezwa mbali kutafuta majani. Ganna, mvua za Machi hadi Mei, huwarudisha watu nyumbani. Shule inayojua ratiba hiyo hupanga na wazazi mapema: mtoto yupi atabaki kwa shangazi, yupi ataingia bweni, na yupi atafundishwa na mwalimu wa shule tembezi huko fora, kwenye kambi za mbali za mifugo. Shule isiyoijua huandika "mtoro" kwenye daftari la mahudhurio na kuishia hapo.

Wapo wanaopinga kwamba mzazi asiyejua kusoma hawezi kusimamia shule, na kwamba mtaala wa umilisi ulioanza nchi nzima mwaka 2019 umedhihirisha hilo kwa kumdai mzazi asaidie kazi za nyumbani. Pingamizi hili linachanganya kusoma na kuamua. Wazee wa dedha, baraza la malisho la Waborana, wamesimamia nyasi na maji ya Waso kwa vizazi, wakiamua kundi lipi linywe lini na nyanda zipi zifungwe hadi kiangazi kikali, bila kitabu. Watu wenye uwezo huo wanaweza kusimamia ghala la maharagwe na kalenda ya muhula. Hata mbali na hapa, mji wa Chicago, Marekani, ulipitia jambo la namna hiyo. Sheria ya 1988 iliweka wazazi sita katika kila baraza la shule, na watafiti Anthony Bryk na Barbara Schneider, katika kitabu chao cha mwaka 2002, waligundua kwamba shule za mitaa maskini zilizoboresha matokeo ya kusoma na hesabu zilikuwa zile zenye kuaminiana kati ya walimu, wazazi na mwalimu mkuu. Kuhusu kazi za nyumbani, lawama ni ya anayezipanga. Mwalimu anayeagiza picha za kuchapishwa kutoka intaneti anamtoza mzazi kwa mlango wa nyuma. Anayemwagiza mtoto amuulize babu yake majina ya magonjwa ya mbuzi na dalili zake amempa mzee huyo kiti cha mwalimu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: wakati mwingine familia yenyewe ndiyo inayomzuia mtoto. Binti anakeketwa na kuozwa, kijana anapelekwa kuchunga. Je, tushirikiane na uamuzi huo? Hapana. Sheria ya 2011 inaharamisha ukeketaji, na ya 2013 inampa adhabu mzazi asiyempeleka mtoto shule. Hakuna kamati yenye mamlaka ya kujadili haki hizo. Lakini sheria inahitaji macho, na chifu hawezi kuwa katika kila manyatta. Mama mwenye mtoto darasa la sita aliye kwenye kamati husikia habari za posa kabla ya ofisi yoyote. Ushirika ndio unaoifanya sheria ifike kwa wakati. Wengine husema pia kwamba katika kaunti ya Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wameru na Wasomali, kamati hugeuka uwanja wa kabila. Hatari hiyo ipo, na mapigano ya 2011 na 2012 yaliwahamisha watu na kufunga shule. Dawa yake ni uchaguzi wa wawakilishi kwa darasa na hesabu zinazosomwa hadharani kwa lugha zinazoeleweka, maana watu wanaohesabu magunia ya chakula cha watoto wao pamoja wana sababu ya kulinda mlango mmoja.

Kutokana na historia hii, hukumu yangu ni wazi. Karo ilifutwa mara tatu, 1971, 1974 na 2003, na kila mara pengo lililobaki lilikuwa la mazungumzo. Wakati wa kuyaanzisha ni sasa, baada ya ukame wa misimu mitano mfululizo ya mvua iliyokosekana hadi 2023 kuziacha familia nyingi bila mifugo, na kuifanya shule kuwa tegemeo kubwa kuliko ilivyokuwa kwa wazazi wao. Nawaomba walimu wakuu wa Isiolo waitishe mkutano mkuu wa mwaka katika siku isiyo ya mnada wa mifugo, wasome hesabu kabla ya kutaja mchango wowote, na waanze kwa kuwauliza wazazi watakuwa wapi Januari. Nanyi wazazi, mkiitwa, nendeni. Viti sita vya bodi ni vyenu kisheria, na visipokaliwa na ninyi vitakaliwa na wengine.