Tarehe ya Khukuri na Wahunzi Wake

Khukuri ni kisu kikubwa cha Nepal ambacho bapa lake limepinda kuelekea upande wa makali, kinyume cha kitara, ambacho makali yake hukaa upande wa nje wa pindo. Kwa kawaida urefu wake, pamoja na mpini, ni kati ya sentimita 40 na 45, na sehemu kubwa ya uzito wake imewekwa mbele, pale bapa linapopanuka, ndiyo maana pigo lake huzama ndani ya gogo kuliko pigo la kisu kilichonyooka cha uzito uleule. Katika nyumba za milimani chombo hiki kimoja hufanya kazi ambazo Afrika Mashariki hugawanywa kati ya panga, shoka na kisu cha jikoni, yaani kufyeka vichaka, kupasua kuni, kuchinja mbuzi wa sikukuu ya Dashain na kukatakata mboga za chakula cha jioni. Imani iliyoenea ughaibuni kwamba khukuri ikichomolewa alani hairudi bila kuonja damu haina mashiko yoyote mbele ya matumizi hayo ya kila siku.

Kuhusu asili yake wanahistoria wametofautiana: wako wanaoihusisha na upanga wa Kigiriki uitwao kopis, uliofika kaskazini mwa Bara Hindi pamoja na majeshi ya Aleksanda katika karne ya 4 kabla ya Kristo, na wako wanaoona kwamba ilikua kutokana na mundu wa mkulima. Rai ya pili inaafiki zaidi maisha ya chombo chenyewe, kwa kuwa hakuna silaha nyingine ya eneo hilo iliyobaki shambani na jikoni kwa uaminifu kama huu. Jumba la Makumbusho la Taifa lililoko Chhauni, Kathmandu, lina khukuri inayonasibishwa na Drabya Shah, aliyeutwaa utawala wa Gorkha mwaka 1559. Na ni mzao wake, Prithvi Narayan Shah, aliyeuteka mji wa Nuwakot mwaka 1744 na Kathmandu mwaka 1768, akaziunganisha falme ndogo za milimani kuwa dola moja kwa majeshi yaliyobeba kisu hiki kiunoni.

Sifa zake zilivuka mipaka kwa njia ya vita. Mwaka 1814 Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ilipoishambulia Nepal, walinzi wachache wa ngome ya Nalapani, wakiongozwa na Balbhadra Kunwar, waliishikilia kwa takriban mwezi mmoja, na jenerali wa Waingereza, Rollo Gillespie, akauawa mbele ya kuta zake. Mkataba wa Sugauli uliimaliza vita hiyo mwaka 1816, lakini hata kabla haujaidhinishwa Waingereza walikuwa wamekwisha kuanza kuwaandikisha jeshini wapiganaji waliowashangaza, ambao tangu hapo wamejulikana kama Wagurkha, kwa jina la Gorkha. Pwani ya Afrika Mashariki nayo imo katika historia hiyo: Novemba 1914, Waingereza walipojaribu kuiteka Tanga kutoka kwa Wajerumani waliokuwa chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, vikosi vya mtawala wa Kashmir vilivyoshiriki mapigano hayo vilikuwa na Wagurkha ndani yake.

Hata hivyo, tarehe iliyoandikwa kwa mikono ya maofisa imemsifu aliyekishika kisu na kumsahau aliyekifua, na upungufu huo si mdogo, kwa kuwa ubora wa khukuri hautoki vitani bali katika aran, yaani kiwanda cha mhunzi wa kijijini. Kwa kawaida wahunzi wa Nepal ni wa tabaka la Kami, ambao wengi wao hujiita Bishwakarma, jina la mungu wa mafundi katika dini ya Kihindu. Sheria kuu iitwayo Muluki Ain, iliyotolewa mwaka 1854 chini ya Jung Bahadur Rana, iliwaweka miongoni mwa watu wasiogusika, ambao maji yaliyopita mikononi mwao hayakunywewa na watu wa tabaka la juu. Askari aliweza kuyakabidhi maisha yake kwa chuma alichofuliwa na Kami, lakini Kami huyohuyo hakuruhusiwa kuvuka kizingiti cha nyumba ya askari. Malipo yake yalikuwa kwa utaratibu unaoitwa bali, ambapo kila kaya aliyoifulia majembe, miundu na visu ilimpimia kiasi cha nafaka baada ya mavuno, kidogo au kingi kwa hiari ya mwenye shamba.

Zamani chuma kilitoka katika migodi midogo ya milimani. Siku hizi hutoka kwenye springi za malori na mabasi mabovu, chuma cha kaboni kinachovumilia mapigo, ambacho wahunzi wa Afrika Mashariki nao wanakijua vyema. Kipande huchomwa katika moto wa makaa, kisha fundi mkuu hukishika kwa koleo juu ya fuawe akikigeuzageuza na kuonyesha kwa nyundo yake ndogo mahali pa kupiga, huku wapigaji wawili au zaidi wakishusha nyundo nzito kwa zamu bila kugongana. Kwa njia hiyo hupatikana mgongo mnene, ambao mara nyingi hufikia milimita 8 au 10, unaokwenda ukipungua hadi kwenye makali na kwenye ncha.

Hatua inayotenganisha khukuri ya kweli na mfano wake ni ile ya kuyatia makali ugumu. Bapa lililokwisha kupata umbo huchomwa tena hadi liwe jekundu, na fundi, badala ya kulitumbukiza lote majini, huchukua birika na kuyamimina maji taratibu juu ya ukingo wa makali, akienda mbele na kurudi nyuma, akikazia pale kwenye tumbo la kisu panapopokea pigo. Wekundu wa makali huzimika mara moja ilhali mgongo bado unawaka, kisha joto lililobaki mgongoni hurudi polepole upande wa makali na kuyapunguzia ugumu uliozidi, ambao ungeyafanya yameguke. Kisu hicho kimoja huwa na makali magumu yanayodumu na mgongo laini unaomeza mshtuko, na kipimo chake chote ni rangi ya chuma machoni mwa fundi, kwa hiyo kazi hii hufanywa mahali penye kivuli ili rangi isidanganye. Baadaye fundi hupitisha tupa juu ya makali: ikiteleza bila kula chuma, bapa limekubali, ikikwama, hulirudisha motoni.

Karibu na mpini hukatwa pengo dogo liitwalo cho au kaudi. Wengine hulifasiri kuwa alama ya kwato za ng'ombe, mnyama mtakatifu wa Wahindu, wengine kuwa mkuki wa Shiva wenye ncha tatu, na wengine husema huzuia damu au utomvu usitiririke hadi mkononi. Fasiri hizi zote zinaishi pamoja, na mafundi hawaoni haja ya kuchagua. Msuka, yaani mkia wa chuma unaoingia mpinini, huchomwa na kushindiliwa ndani ya pembe ya nyati-maji au mti mgumu wa sisso, ukakazwa kwa gundi ya utomvu iitwayo laha. Ala ya mbao iliyovishwa ngozi ni kazi ya mafundi wa tabaka la Sarki, na nyuma yake huwekwa visu viwili vidogo: karda, kwa kazi ndogondogo, na chakmak, kisicho na makali, ambacho hutumika kunyoosha makali ya kisu kikubwa na zamani kuwashia moto kwa jiwe.

Kila eneo lina mkono wake. Sirupate, iliyopewa jina la jani la nyasi ya siru, ni nyembamba na nyepesi. Bhojpure, ya wilaya ya Bhojpur mashariki mwa nchi, ni pana na nzito. Na kothimora, ambayo ala yake imepambwa kwa fedha, hutolewa kama zawadi ya heshima. Kutoka Bhojpur mafundi wengi wameshuka hadi Dharan na Kathmandu kufuata soko la wanajeshi na la wageni, na soko hilohilo limezaa visu vya bati jembamba vinavyouzwa kwa watalii katika mitaa ya Thamel, Kathmandu, ambavyo hujipinda kwa pigo la kwanza na kumharibia jina fundi asiyehusika navyo.

Muluki Ain mpya ya mwaka 1963 iliondoa kibali cha sheria kwa ubaguzi wa matabaka, na sheria ya mwaka 2011 ikaufanya ubaguzi wa kutogusika kuwa kosa la jinai, ingawa vijijini desturi bado ina nguvu kuliko karatasi. Vijana wengi wa Kami wamekwenda Qatar, Malaysia na nchi nyingine za kazi, kwa kuwa mshahara wa huko unashinda ujira wa nyundo. Wale waliobaki wameongeza mashine za kusagia za umeme, lakini moto, fuawe na birika havijapata mbadala. Na katika baadhi ya karakana zinazouza nje ya nchi, mhunzi sasa hupiga alama yake mwenyewe juu ya bapa, ili mnunuzi ajue ni mkono wa nani uliolifua.