Samaki wa Ziwa, Mboga za Dagoretti: Hoteli za Familia Kibera na Kawangware

Habari nyingi za Kibera na Kawangware huanza na mabati na mitaro, na zikifika kwenye chakula huzungumzia njaa tu. Ukweli ni mpana zaidi. Hoteli ndogo za familia, zenye benchi la mbao, karai la mafuta na sufuria ya ugali, ndizo zilizounganisha Ziwa Viktoria, mashamba ya Dagoretti na wafanyakazi wa Nairobi. Kazi hiyo haikuwekwa kwenye ramani yoyote ya jiji iliyochorwa na wakoloni wala na serikali zilizofuata. Ndiyo maana nashikilia kwamba hoteli hizi zimeijenga Nairobi, na zinastahili ulinzi wa sheria.

Ushahidi wa kwanza uko kwenye ardhi. Askari Wanubi wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, walianza kukaa Kibera mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 eneo likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi, lakini hati za ardhi hawakupewa. Jamii yao ilipata hati ya ekari 288 mwaka 2017. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 inakatiza Kibera, na baada ya uhuru watu wa Nyanza na Magharibi waliokuja kutafuta kazi walipanga vyumba huko, hadi kijiji kimoja kikaitwa Kisumu Ndogo. Kawangware ilikua kwa njia nyingine. Ilikuwa mashamba ya familia za Wakikuyu huko Dagoretti, na mipaka ya jiji ilipopanuliwa wakati wa uhuru, wenye mashamba wakajenga vyumba vya kupangisha, na wapangaji wengi wakatoka Magharibi. Hivyo Kibera ina mkate wa Wanubi uitwao gurusa, omena na samaki wa kukaanga, na Kawangware ina githeri na mukimo karibu na mboga za mrenda na saga. Chakula kimefuata njia zilezile za watu na ardhi.

Ushahidi wa pili ni mgongo wazi. Mbuta, yaani sangara, aliingizwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960, akaongezeka mno, na kufikia miaka ya 1980 viwanda vya Kisumu vilikuwa vikikata minofu ya kuuzwa Ulaya. Kichwa na mifupa yenye nyama iliyosalia, yaani mgongo wazi, vilibaki nchini. Akina mama wa mitaani walivinunua, wakavikaanga, wakavifanya kitoweo cha kibarua ambaye hawezi kununua samaki mzima. Anayesema hayo ni makombo anasahau nani alichukua minofu. Maarifa ya kuyageuza mabaki ya kiwanda kuwa mlo wenye protini yalitoka katika jiko la familia.

Wapo watakaosema kwamba samaki hao si wabichi wala wa nyumbani, kwa kuwa samaki waliogandishwa kutoka China wamejaa masokoni. Ni kweli wameingia kwa wingi, na mwaka 2018 jambo hilo lilizua mjadala wa kitaifa. Lakini chanzo chake ni kupungua kwa samaki ziwani na bei kupanda, na mpishi anayenunua asubuhi katika soko la Gikomba ili auze kabla ya usiku hawezi kulaumiwa kwa uvuvi uliokithiri. Pingamizi zito zaidi ni usafi. Mlo uliopikwa kando ya mtaro wazi unaweza kuambukiza kipindupindu, na mlaji ana haki ya kuogopa. Hata hivyo, familia inayonunua maji kwa mtungi haina uwezo wa kuchimba mfereji wa majitaka. Kuifunga hoteli huacha mtaro ulipo, na humpeleka mteja kwa mwuzaji asiyejulikana.

Julai 2018 nyumba, shule na biashara zilibomolewa Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Barabara inahitajika, lakini jiko lililobomolewa halikuwa kibanda tu: lilikuwa soko la mkulima, ajira ya familia na chakula cha jioni cha mlinzi wa mtaa wa Lavington. Kaunti ya Nairobi tayari ina sheria ya mwaka 2015 ya kukuza kilimo cha mjini. Iongeze sasa leseni ya bei nafuu, bomba la maji na mfereji kwa wanaopika mazao ya kilimo hicho, na iwahesabu kabla ya kuchora barabara nyingine.