Historia Fupi ya Stika ya Kijani

Mwaka 2015 kampuni ya Nvidia ilitoa kadi mbili za picha zenye majina yanayokaribiana kama mapacha. GTX 960 ya kompyuta ya mezani ilikuwa na viini 1,024. GTX 960M ya laptopu ilikuwa na 640, na chipu yake ilikuwa ile ile ya GTX 750 Ti, kadi ya bei nafuu iliyotoka mwaka uliotangulia. Tofauti yote hiyo ilibebwa na herufi moja, M. Mnunuzi akiona 960, anasikia 960. Kiswahili kina jina la biashara hiyo: kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ninaileta stori hii ya zamani kwa sababu binamu yangu ana elfu sitini. Ameziweka kidogo kidogo kwa zaidi ya mwaka, na anataka laptopu ya kucheza EA Sports FC 24 na, usiku gemu zikiisha, kuhariri video za harusi za watu wa mtaa. Akikosea hapa, hakuna elfu sitini nyingine. Na kwa elfu sitini hununui mashine mpya ya gemu, unanunua historia. Kila laptopu ya mtumba ni ya mwaka fulani, na kila mwaka ulikuwa na ujanja wake.

Mwaka mmoja ulikuwa wa haki, nao ni 2016. Agosti hiyo Nvidia iliondoa herufi M kabisa. GTX 1060 ya laptopu ilikuja na viini 1,280, sawa na ndugu yake wa mezani mwenye memori ya GB 6. Jina lilimaanisha jina. Ukiikuta mashine ya kizazi hicho ambayo haijapigwa sana na joto, usiidharau kwa umri.

Haki haikukaa. Mwaka 2017 ikaja Max-Q, neno lililoazimwa kutoka kwa watu wa roketi. Wazo lenyewe si baya: punguza umeme unaoingia kwenye kadi, mashine iwe nyembamba na isipige kelele. Lakini umeme ukipungua, kasi nayo hupungua. Angalau maneno Max-Q yalikuwepo ya kukushtua. Januari 2021, RTX za 30 zilipofika kwenye laptopu, kampuni zikaruhusiwa kuyaacha. RTX 3060 ya laptopu ingeweza kupewa wati 60 au wati 115, na stika ikabaki ile ile, kijani, inang'aa. Watu walipiga kelele hadi Nvidia ikataka watengenezaji waandike wati kwenye kurasa za bidhaa zao. Kwenye stika? Wapi. Ni sawa na kupanda nganya kwa sababu ya graffiti bila kujua chini ya boneti kuna injini gani.

Sasa turudi kwa elfu sitini. FC 24 inataka angalau GTX 1050 Ti yenye memori ya GB 4, na RAM ya GB 8. Ukienda Luthuli ukaulize laptopu ya gemu, utaonyeshwa keyboard ya taa nyekundu na bei ya kuumiza. Mimi nilimwambia aulize mashine za mainjinia. Mwaka 2018, HP ZBook 15 G5, Lenovo ThinkPad P52 na Dell Precision 7530 zilitengenezewa wachoraji wa majengo na wahandisi, na baadhi zilipewa kadi iitwayo Quadro P2000. Jina halina shobo yoyote, hakuna kijana anayelitamani. Lakini ndani ni viini 768 na memori ya GB 4, sawa kabisa na 1050 Ti ya laptopu. Ofisi za Ulaya huzitumia miaka michache, halafu zinakuja hapa zikiitwa Ex-UK. Ni nzito, zimechakaa pembeni, na mwili wake mnene ndio unaozipa feni nafasi ya kupumua.

Mwaka huo wa 2018 una faida nyingine. Windows 11 inakubali prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo i7 ya kizazi cha sita, hata ikiuzwa bei ya kutupa, tayari imefungiwa mlango. Mashine hizi tatu ni za kizazi cha nane.

Dukani nilimtuma na kazi ya mikono. Fungua Task Manager, soma jina la kadi mwenyewe, kwa sababu P52 nyingine zina P1000, yenye viini 512. Angalia kama RAM ni vipande viwili, maana viwili vya GB 8 hufanya kazi haraka kuliko kimoja cha 16. Washa kitu kizito kwa dakika ishirini, usikize feni, uguse juu ya keyboard. Muuzaji akinuna, mwache anune. Halafu geuza chaja usome wati zake. Mashine hizi hula umeme mwingi, na ukipewa chaja ya wati 65 ya laptopu ya kawaida, betri itajaa polepole na gemu itakwama. Chaja yake halali iwe ndani ya hiyo elfu sitini, kabla pesa haijatoka mfukoni.