Bonde la Mauti Lina Wenyewe

Kila ifikapo Novemba, katika mikusanyiko ya jumuiya yetu huku Marekani, hazikosekani familia mbili tatu zinazopanga kwenda kutembea jangwani katika likizo ya Desemba. Panapotajwa sana ni Bonde la Mauti, yaani Death Valley, mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka Las Vegas. Na swali huwa lile lile: jina hilo limetoka wapi, na je, kuna binadamu aliyewahi kuishi mahali kama pale? Nimeona afadhali nilijibu kwa maandishi, maana historia ya bonde hili ndiyo inayomwambia mgeni aende lini na apite njia ipi.

Jina lilitoka kwa wapita njia. Mwishoni mwa 1849, kundi la watu waliokuwa wakikimbilia dhahabu ya California lilijitenga na msafara wake kwa kutafuta njia ya mkato, likajikuta limezingirwa na milima, chakula kimekwisha. Familia za Bennett na Arcan zilikaa karibu mwezi mzima zikingoja, huku vijana wawili, William Lewis Manly na John Rogers, wakienda kwa miguu hadi karibu na Los Angeles kutafuta msaada, kisha wakarudi kuwachukua. Anayejulikana kwa hakika kuwa alifia bondeni ni mmoja tu. Tena ilikuwa majira ya baridi, wakati mzuri kuliko wote wa kuwa pale! Basi kilichokaribia kuwaua hakikuwa jua, bali kutoijua nchi.

Wenye kuijua walikuwapo. Watimbisha, tawi la Washoshone, wanachukua jina lao kutokana na udongo mwekundu wa milima ile. Majira ya baridi walikaa chini, penye chemchemi za Furnace Creek, wakitwanga maganda ya mti wa mesquite kuwa unga. (Wasomaji wa Baringo na Turkana wataguna: mti huo ni ndugu wa mathenge, anayelaaniwa kwetu kila siku.) Joto likianza kupanda, walihamia mlimani upande wa Wildrose, wakarudi baada ya kuvuna kokwa za misonobari. Hawakuwa wakitangatanga, hiyo ndiyo ilikuwa kalenda yao.

Na joto lenyewe si la mchezo. Tarehe 10 Julai 1913 kipimo cha Furnace Creek kilisoma nyuzi 56.7 za Selsiasi. Hiyo bado ndiyo rekodi rasmi ya dunia, ijapokuwa wako wataalamu wanaoitilia shaka. Hata wenye mali walilazimika kutii. Kiwanda cha boraksi cha Harmony, kilichofanya kazi tangu 1883 hadi 1888 kwa jasho la vibarua wa Kichina, kilihamishia shughuli zake Amargosa wakati wa kiangazi, kwa kuwa boraksi haikuganda katika joto lile. Magari yake yalivutwa na nyumbu 18 na farasi 2, kilomita 265 hadi reli ya Mojave.

Februari 1933 Rais Hoover aliliweka bonde chini ya ulinzi wa serikali. Vijana wasio na kazi wa miaka ile ya dhiki wakaletwa kuchonga barabara na njia za miguu. Watimbisha, waliokwisha kusukumwa huku na huku, walitengewa mwaka 1936 kijiji cha ekari 40, wakajenga nyumba za matofali ya udongo. Kisha, kuanzia miaka ya 1950, likafanyika jambo ambalo sisi tuliofunga nyumba zetu Tanga au Mombasa tukaja huku tutalielewa upesi. Familia zilipopanda mlimani kukimbia joto, kama ilivyokuwa desturi, wakuu wa hifadhi walizihesabu nyumba zao kuwa zimeachwa, wakazibomoa kwa maji ya mipira ya zimamoto. Mtu alirudi na kukuta rundo la tope lililokauka.

Baadhi yao walikataa kuondoka. Mwaka 1983 serikali iliwatambua kama kabila, na mwaka 2000 sheria iliwarudishia ardhi, zikiwamo ekari 314 pale pale Furnace Creek, ndani ya eneo ambalo tangu 1994 lilikuwa hifadhi ya taifa.

Sasa tupange safari. Nenda kati ya Novemba na Machi. Hifadhi ina zaidi ya kilomita za mraba 13,000, kwa hiyo usijaribu kuimaliza. Ukiwa na watoto, anza na njia fupi ya kiwanda cha Harmony, kisha Badwater, mita 86 chini ya usawa wa bahari, ambako utakanyaga chumvi tupu. Wenye miguu waingie Golden Canyon, wapande hadi Zabriskie Point. Njia hiyo zamani ilikuwa barabara ya lami, mpaka mafuriko ya 1976 yalipoichukua. Ulizia kwanza hali ya barabara kwa askari wa hifadhi: Agosti 2023 mvua ya siku moja ilifunga hifadhi nzima hadi Oktoba. Beba maji lita 4 kwa kila mtu kwa siku, na usitegemee simu, kwani sehemu nyingi haishiki. Kijiji cha Watimbisha ni makazi ya watu. Usiingie na kamera.

Ikikulazimu kwenda kiangazi, wakuu wa hifadhi wenyewe watakuonya usitembee bondeni baada ya saa nne asubuhi. Mwezi Julai 2023 mtembezi mmoja alianguka akafa penye Golden Canyon. Watakuelekeza milimani, kwenye njia ya Telescope Peak, kilele cha zaidi ya mita 3,300, kwenda na kurudi kilomita kama 22. Barabara ya kufikia huko inapita Wildrose.