Alikuwa Mwanariadha? Kwani Amekufa?

Leo naomba tuongee historia kidogo, lakini nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Nina rafiki niliyecheza naye mpira tangu sekondari. Kiungo mzuri, mwenye pumzi za kukimbia dakika tisini na bado akabaki na za kukutania. Miaka miwili iliyopita alipanda pikipiki usiku, ikaanguka, akaumia uti wa mgongo na miguu ikapooza. Mimi, ninayekula kwa kuandika maneno, nilikaa miezi mitano bila kwenda kumwona. Nilijidai nina kazi nyingi. Ukweli ni kwamba sikujua nikamwambie nini.

Siku nilipokwenda kwao Mabatini, nilifuatana na mwenzangu wa ofisini. Nikamtambulisha mwenyeji wetu: "Huyu alikuwa kiungo wetu." Jamaa akanitazama, akacheka. "Alikuwa? Kwani nimekufa, kaka?"

Nilirudi nyumbani na swali hilo, na usiku ule ule nikaanza kusoma upya habari za Abebe Bikila.

Wengi tunamjua kwa mbio za Roma. Tarehe 10 Septemba 1960, askari huyu wa kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie alikimbia marathoni peku na kushinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Alifanya hivyo katika mji mkuu wa Italia, nchi iliyoivamia Ethiopia yake mwaka 1935. Tarehe 21 Oktoba 1964 akashinda tena Tokyo, wiki tano tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Alipovuka mstari alijilaza kwenye nyasi akaanza kunyoosha viungo, wenzake wakiwa bado barabarani. Kabla yake hakuna mtu aliyewahi kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili.

Kisha ikaja Mexico City, 1968. Sisi Watanzania mbio zile tunazijua kwa jina moja: John Stephen Akhwari, aliyeanguka, akaumia goti, na bado akachechemea hadi mwisho, wa 57 na wa mwisho, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Tunachosahau ni kwamba Abebe naye alikuwa kwenye barabara ile ile. Mguu ulimkatalia, akajitoa kwenye kilomita ya 17 hivi. Bila shaka wapo waliosema siku hiyo kwamba kazi yake imekwisha.

Mtihani mkubwa ulikuwa bado. Usiku wa tarehe 22 Machi 1969 gari lake dogo la Volkswagen lilipata ajali karibu na mji wa Sheno, kaskazini mashariki ya Addis Ababa. Mwanzoni hakuweza kusogeza hata mikono. Akasafirishwa hadi hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, akatibiwa kwa miezi minane hivi. Mikono ilirudi. Miguu haikurudi.

Hapa inabidi tumzungumzie daktari mmoja, Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1939. Mwaka 1944 alifungua pale Stoke Mandeville wodi ya walioumia uti wa mgongo. Zama hizo mtu aliyepooza namna hiyo alihesabiwa kama marehemu. Vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo vilimmaliza mapema. Guttmann aliamuru wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Halafu akawapa michezo, na hiyo ilikuwa sehemu ya tiba. Kuvuta upinde hujenga mabega, mikono na kiwiliwili, yaani vile vile anavyovihitaji mtu wa kiti cha magurudumu ili ajiinue mwenyewe. Tarehe 29 Julai 1948, siku ya ufunguzi wa Olimpiki ya London, aliwapanga wagonjwa 16 washindane kulenga shabaha kwa mishale.

Sasa sikiliza, mwenzangu. Siku nane tu baada ya Abebe kushinda peku Roma mwaka 1960, wanamichezo wapatao 400 wa viti vya magurudumu kutoka nchi 23 walianza mashindano yao katika mji huo huo. Ndiyo yanayohesabiwa leo kuwa Paralimpiki ya kwanza. Mwaka 1964 wakakutana Tokyo, wiki chache baada ya Abebe kuondoka na dhahabu yake ya pili. Mara mbili walikuja nyuma yake. Mara ya tatu alikwenda yeye kwao.

Mwaka 1970 Abebe alishiriki michezo ya Stoke Mandeville katika upinde na mpira wa meza. Mwaka 1971 alikwenda Norway, akashinda mbio za kilomita 25 za sleji, kile chombo kinachoteleza juu ya theluji. Mkimbiaji wa milima ya Ethiopia, kwenye theluji! Mwaka 1972 uwanja wa Munich ulisimama kumshangilia akiwa kwenye kiti chake. Tarehe 25 Oktoba 1973 alifariki kutokana na athari za ile ajali, akiwa na miaka 41.

Tusidanganyane, michezo haikumponya. Tena Abebe alikuwa na Mfalme wa kumpeleka Uingereza. Rafiki yangu ana mama anayeuza mkaa. Na Tanzania yenyewe ilipeleka mwanamichezo Paralimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1992, Barcelona, miaka 20 baada ya Kenya. Kwa hiyo sisemi kwamba moyo peke yake unatosha. Ninachosema ni kwamba tunawahi mno kumwambia mtu "alikuwa", na hilo halihitaji bajeti ya serikali kulirekebisha.

Mwezi uliopita rafiki yangu alinipigia simu. Mjomba wake ni mvuvi kule Igombe, na siku hizi wanambeba hadi kwenye mtumbwi, wanamfunga jaketi la kuokolea, anapiga kasia. Nikaenda. Tukaingia kila mmoja mtumbwi wake, ziwa likiwa limetulia asubuhi ile, tukakubaliana kufika kwenye jiwe moja na kurudi.

Alinishinda, na si kwa kidogo. Alikuwa ameshafika ufukweni, kasia limelazwa mapajani, ananisubiri.

"Kaka," akaniuliza, "wewe ulikuwa mchezaji?"